Risasi za Bega la Mama

Bunduki ya mama ndiyo iliyokuwa fupi kuliko zote pale uwanja wa shabaha. Hakuna aliyeikata, ilitoka kiwandani hivyo. Mama ni mfupi, mikono yake mifupi, na msitu tulimokuwa tukiwinda, saa kadhaa kaskazini mwa Toronto, umebanana kiasi kwamba mtutu mrefu hunasa kwenye matawi kabla hujaugeuza. Ile fupi aliipitisha kwenye vichaka kama mtu anayepita mlango wa jikoni kwake.

Uwindaji aliujulia hukuhuku Kanada. Kule Morogoro hakuwahi kugusa bunduki. Mkenya mmoja tunayesali naye, fundi wa lifti anayekaa Agincourt, ndiye aliyemwalika mara ya kwanza, na mama akaenda kwa sababu alichoka kukaa ndani kila Novemba. Akasoma kozi ya silaha, akafaulu mtihani, akapata leseni. Watu wa kanisani walidhani ni utani mpaka walipokula pilau ya swala wa huku, yule mwenye mkia mweupe, wakaomba kuongezewa.

Halafu, katikati ya miaka ya 2010, mama akateleza kwenye barafu nje ya jengo letu la Crescent Town, hapa Toronto, na kuangukia bega la kulia. Akafanyiwa upasuaji, akafanya mazoezi kwa miezi, na daktari akamruhusu kurudi kwenye shughuli zake. Mwisho wa kiangazi tukaenda uwanja wa shabaha, yeye, mimi, na yule fundi wa lifti, ambaye mimi humwita anko. Risasi za mama zikawa zinachimba udongo chini ya karatasi ya shabaha. Akasema ni bega. Anko akasema tupime.

Alimwambia mama ageuke, akaijaza ile bunduki yeye mwenyewe, na katikati ya risasi za kweli akachomeka moja bandia, isiyo na baruti. Mama akapiga ya kwanza, akapiga ya pili. Ilipofika ile bandia, bunduki ikasema ti, basi. Lakini mtutu ulizama mbele kama umesukumwa, na sisi wote tuliona kwamba mama alikuwa amefumba macho kabisa.

Mama aliiweka bunduki mezani taratibu.

"Mimi simpigi mnyama nimefumba macho," alisema. "Nitamjeruhi, akafie huko vichakani. Nitafutieni mtu wa kuichukua hii bunduki."

Nilimjua mama. Akishasema jambo kwa sauti ile, amemaliza. Na nilijua vilevile kitakachofuata: Novemba itakuja, msimu wa kuwinda, anko na wenzake watapakia gari, na mama atabaki dirishani ghorofani akiangalia maegesho.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza shahada ya kemia na kazi yangu ilikuwa kupokea simu kwenye ofisi moja ya Don Mills. Mimi ni mtu wa kufikiria jambo mpaka linachakaa. Barua pepe ya mistari miwili huisoma mara nyingi kabla ya kuituma, na nikishaituma naisoma tena kutafuta kosa. Wiki ile nilifikiria mtutu wa mama. Nilikuwa nimeona kitu ambacho kilinikaa kichwani: jamaa wa meza ya pili alipofyatua bunduki yake, mama alishtuka vilevile, na pale hapakuwa na bunduki ya kumpiga teke begani. Basi haikuwa bega peke yake. Ulikuwa mshindo.

Risasi za dukani hutengenezwa kwa kufikiria mtutu mrefu. Baruti yake huungua polepole, na mtutu mrefu huipa nafasi ya kuungua yote ndani. Kwenye mtutu mfupi kama wa mama, kichwa cha risasi kimeshatoka na baruti bado inaungua, hivyo inayobaki inalipukia nje, mbele ya uso wa mpigaji. Moto ule niliwahi kuuona siku ya mawingu, una ukubwa wa sufuria. Mama alikuwa akilipia baruti ambayo haikumsaidia kitu, akailipia kwa bega na kwa masikio.

Kilichotakiwa ni risasi yenye baruti ya aina inayoungua haraka, kidogo zaidi, na kichwa chepesi. Sikubuni kipimo changu. Watengenezaji wa baruti huchapisha kitabu cha vipimo walivyovipima wenyewe, na ndani yake kuna vya risasi laini, zisizopiga bega sana. Anko alikuwa akijipakia risasi zake miaka mingi kwenye gereji yake, na mashine zote alikuwa nazo. Nilimwomba anifundishe. Akasema sawa, lakini nikubali kwamba mambo mengine hayahitaji kikao.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Unachukua ganda la shaba lililokwisha kutumika, unalisafisha, unalibana kwenye mashine lirudi umbo lake, unaweka fataki mpya, ile inayowasha baruti, kitakoni, unamimina baruti uliyoipima, unashindilia kichwa juu. Ugumu ni kwamba kila ganda linafanana na lingine, na mkono ukishazoea, akili inaondoka zake. Akili yangu haiondoki. Hiyo ndiyo shida yangu kila mahali, isipokuwa kwenye gereji ile.

Wengi huogopa kuzidisha baruti. Mimi niliogopa pia kuipunguza, maana ikipungua chini ya kipimo cha kitabu, kichwa cha risasi kinaweza kukwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikakuta njia imezibwa, mtutu ukapasuka. Kwa hiyo nilipima kila ganda peke yake kwenye mizani, nikamulika ndani kwa tochi, nikapima tena. Niliweka masharti: chai isikae mezani, simu zikae nje, na mtu asiniongeleshe ninapomimina. Nikikatizwa, narudisha baruti yote kwenye kopo na kuanza ganda lile upya.

"Profesa, hiyo ni baruti, si dawa ya mtoto," anko alinitania. Nikamulika ganda jingine. Akaongeza: "Sasa mimi nikikohoa, utaanza upya?"

"Ndiyo, anko."

Alitoka nje akakohoa, akarudi.

Risasi za kwanza sikumpa mama. Nilienda uwanjani na anko, mama akaja kwa sababu tu ilikuwa Jumamosi na alitaka kutoka, akabaki garini na chupa ya chai. Nilikaa kwenye meza ya kupigia nikiwa na uhakika kwamba nimekosea mahali, ingawa sikuweza kusema wapi. Nikavuta. Bunduki ikanigusa bega kama mtu anayetaka kukuuliza njia. Moto haukuonekana. Nilifungua, nikalikagua ganda, nikachungulia mtutu kama uko wazi, nikapiga nyingine. Nikageuka, nikamkuta mama amesimama nyuma ya mstari wa njano, kikombe mkononi.

"Hiyo ni bunduki yangu?" akauliza.

Nikamwambia ni yake. Akarudisha kikombe garini, akavaa vizuia sauti masikioni, akaja kukaa mezani.

Safari hii anko alitaka mimi ndiye nimjazie. Nilisimama kati ya mama na bunduki asione, nikachanganya risasi zangu na ile bandia. Alipiga, karatasi ikatoboka karibu na katikati. Akapiga tena. Kisha ikafika ile bandia. Ti. Mtutu haukutikisika hata kidogo. Ulibaki pale ulipokuwa kana kwamba umejengewa. Jicho lake lilikuwa wazi, nililiona kutoka pembeni, linaangalia shabaha na kungoja.

"Umenipa mbovu?" akaniuliza.

"Si mbovu, mama. Ni ile bandia."

Alinitazama kidogo, akamtazama anko. Nadhani alielewa tulichokuwa tumemfanyia, na kile alichokuwa amekifanya yeye.

"Haya, weka nyingine," alisema.

Kulikuwa na sharti moja. Risasi laini haifiki mbali kwa nguvu ya kutosha kuua upesi. Nilizijaribu kwa umbali mbalimbali, nikamwambia mama asimpige mnyama aliye mbali zaidi ya urefu wa kiwanja cha mpira. Akasema amesikia.

Novemba tulienda. Siku ya kwanza dume mwenye pembe pana alijitokeza mwisho wa njia ya magari ya kubeba magogo, mbali. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwa mama, wote tumevaa vizibao vya rangi ya chungwa. Aliinua bunduki, akaangalia, akaishusha. Dume akapita. Jioni, tunakula, anko hakumwacha.

"Dada, unangoja swala akuje akusalimie kwanza?"

"Ndiyo," mama alijibu akichukua ugali. "Kwetu mgeni anabisha hodi."

Siku ya pili theluji ilikuwa ya majimaji na haikupiga kelele miguuni. Swala alitoka kati ya misonobari upande wa kushoto, karibu sana, akasimama akituonyesha ubavu. Mama aligeuza mtutu katikati ya matawi mawili bila kugusa hata moja. Mimi nikaanza kuipitia ile risasi iliyokuwa ndani: ganda, fataki, mizani, tochi, mizani tena. Niliipitia yote, na kwa mara ya kwanza nilifika mwisho bila kupata pa kutilia shaka. Nilijua ni nzima. Hilo halikuwahi kunitokea kwa jambo lolote nililolifanya kwa mikono yangu.

Mlio ulikuwa mdogo. Swala aliruka, akakimbia hatua chache, akalala.

Mama aliishusha bunduki. Kisha akaweka mkono begani, na mimi nikaanza kumuuliza kama linauma, wapi, kiasi gani.

"Haliumi. Nahakikisha tu kama bado lipo." Alikuwa anatabasamu, akaongeza: "Nilimwona, mwanangu. Tangu navuta mpaka anaanguka, nilimwona."

Tulikuwa tumeshaanza kumpasua anko alipofika akilalamika kwamba sisi tumekaa tu, yeye hajasikia bunduki asubuhi nzima. Mama akamwonyesha kwa kisu. Anko alichuchumaa, akaangalia risasi ilipoingilia, nyuma ya mguu wa mbele, mahali penyewe. Akaniambia na yeye nimtengenezee za namna ile.

Nikamuuliza mtutu wa bunduki yake una urefu gani. Akasema hajawahi kuupima.

"Basi anko, hatujaanza kuongea," nikamwambia, na mama akacheka mpaka akauachia mguu wa swala aliokuwa ameushika.