Udongo wa Pale Alipoangukia

Mama alikuwa bado analala chini. Watu wa matanga walishaondoka, masufuria ya kuazima yalisharudishwa kwa wenyewe, na kitanda chake kilikuwa palepale chumbani, kimetandikwa. Yeye alilala kwenye mkeka, upande wa mlango. Nikimwambia, "Mayu, panda kitandani, baridi itakuumiza," alinijibu kwa Kisukuma kwamba mwanawe hajafika.

Mwili ulikuwa umefika. Mdogo wangu tulimzika sisi wenyewe, hapa Didia, kando ya baba. Alichokuwa anakisubiri mama ni udongo. Katika ukoo wetu, mtu akifa kwa kumwaga damu mbali na nyumbani, huchukuliwa udongo wa pale alipoangukia, hata wa kujaa kiganja, ukaja kumwagwa upande wa kichwa cha kaburi. Hapo ndipo mama yake hunyolewa, majivu ya msiba yakazolewa, naye akarudi kitandani. Sijui kama Wasukuma wote hufanya hivyo. Sisi tulifanya kwa baba mdogo aliyegongwa na lori, na niliona jinsi bibi alivyoanza kula tena baada ya pale.

Mdogo wangu alipigwa risasi kwenye machimbo madogo, ukishapita Runzewe. Majambazi walikuja mchana kuwavamia wanunuzi wa dhahabu, na wakati wa kuondoka wakafyatua ovyo. Yeye hakuwa na dhahabu. Alikuwa anasubiri zamu yake kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe. Sisi tulimchukua hospitali, na katika ndugu zetu hakuna aliyethubutu kufika machimboni. Wale watu walikuwa hawajakamatwa. Mpaka naandika hivi hawajakamatwa.

Kisha mama lishe mmoja wa kule akanipigia simu. Mumewe aliuawa siku ileile. Alikuwa anakusanya wafiwa wa risasi, wa siku ile na wa siku nyingine, wanakaa kwake, wanasali, wanapika, wanaongea. Safari hii alitaka wote waende pale pale machimboni. "Tumepaogopa vya kutosha, dada," alisema. "Njoo tukapasalie."

Mama aliposikia, aliinuka. Aliosha kibuyu kidogo, akakianika juani, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilipokuwa natoka alikuwa anamtuma mtoto wa jirani akamwite shangazi aje na wembe.

Tulikuwa wanawake wengi na wanaume wachache. Alikuwepo mzee mwenye duka la vitambaa Kahama, Mhindi, mzaliwa wa hapahapa, ambaye mwanawe aliuawa dukani na majambazi wengine. Alivaa kofia nyeupe na alikuwa amebeba mfuko wa tende za kugawa. Tulisimama karibu na makarasha, katekista akaongoza sala, kisha mzee naye akaomba dua. Mashine zilizimwa kwa heshima yetu. Vijana walivua kofia zao. Nilijisikia vizuri. Niliona kumbe inawezekana kusimama pale.

Baada ya sala nikamtafuta kijana aliyekuwa anachimba na mdogo wangu. Nilimfahamu, alikuja Didia kuzika, akalia kuliko sisi. Nikamwonyesha kibuyu, nikamweleza.

"Nionyeshe mahali tu, kaka. Nitachota mwenyewe."

Akaangalia miguu yake. Kisha akanipeleka nyuma ya karasha na kunionyesha shimo. Lilikuwa pana, limepita kina cha kiuno changu, na chini yake mawe matupu.

"Ni hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa, dada. Hapa juu." Alionyesha hewani, katikati ya shimo, kama mtu anayeonyesha kimo cha mtoto.

Alinieleza. Kwenye karasha mawe humwagwa, hupondwa, vumbi la dhahabu huangukia chini, kwa hiyo udongo wa pale nao ni mali. Polisi walipoondoka, watu walirudi, wakaukwangua. Walichimba wakifuata vumbi mpaka likaisha. Wakajaza viroba, wakasaga, wakaosha.

"Nani alibeba viroba?"

"Tulikuwa wengi."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Mama lishe alikuwa amesimama nyuma yetu. "Nyie mngewekewa kaburi karibu mngelisaga nalo."

"Mama, usiseme kwa sauti," alisema kijana. "Wapo watakaokwenda kupima udongo wake."

Alicheka kidogo, mama lishe naye akacheka, kisha akaacha ghafla. "Ulitoa?" akauliza. Alikuwa anauliza kama udongo ule ulitoa dhahabu.

"Ulitoa kidogo."

Sikuwa na hasira naye. Nimejaribu tangu siku ile kuitafuta hasira, sijaiona. Mtu anayeishi kwa udongo hawezi kuuacha udongo. Kwetu mvua ikigoma, hata mbegu tulizoweka tunazila.

Nikamuuliza mabaki yako wapi. Akanionyesha kilima cha marudio, udongo mwepesi wa kijivu uliokwisha kuoshwa, wa watu wote umechanganywa pamoja. Ulikuwa umeshauzwa kwa mtu atakayeuosha tena kwa dawa. "Usiushike kwa mkono," akaniambia. "Una zebaki."

Wenzangu wakatuzunguka. Mzee wa vitambaa akasema kwa upole, "Binti, chota popote hapa. Ardhi ni moja. Mama yako anataka kupumzika tu."

"Hatajua," alisema mama lishe. "Chota hapo pembeni."

Niliinama. Nilichota kweli, udongo mwekundu, nikautia kibuyuni. Kisha nikaumwaga. Mama yangu hajawahi kunidanganya, hata nilipokuwa mdogo na njaa, hakuwahi kuniambia chakula kipo jikoni wakati hakipo.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwanamke mmoja aliyekuwa kimya siku nzima akauliza, "Na wa kwangu je? Alianguka karibu na choo. Pale nako wamesaga?" Mwingine akauliza. Mama lishe, aliyekuwa ametuita ili tupone, akamshika yule kijana shati. "Na mume wangu? Alikuwa hatua chache kutoka hapa. Amesagwa?" Kabla ya mimi kufika na kibuyu changu, hakuna kati yao aliyekuwa anawaza udongo. Mzee wa vitambaa alikaa juu ya jiwe, tende zikiwa mapajani. "Mimi niliosha mwenyewe kwa sabuni," alisema. "Sakafu ya duka. Maji yalikwenda mtaroni. Sikuwaza." Karasha moja ikawashwa, na tukaondoka bila kula chakula tulichokuwa tumepika.

Nyumbani nilikuta ua umefagiliwa. Shangazi alikuwa amekaa na wembe na maji kwenye bakuli. Mama alitazama mikono yangu kabla ya uso wangu.

Nilimweleza yote kwa Kisukuma, nikitafuta maneno, kwa sababu karasha haina jina kwa lugha yetu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Waliusaga?"

"Waliusaga, Mayu."

"Wakapata dhahabu?"

"Kidogo."

"Iko wapi?"

Nikamwambia dhahabu huuzwa Kahama, au Geita, kisha huyeyushwa pamoja na nyingine na kwenda mbali, hakuna anayejua. Akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeelekezwa njia. Shangazi alifunga wembe kwenye kitambaa, akasema atakuja siku nyingine, akaenda kwake.

Mama bado analala chini. Jumapili iliyofuata alitaka kwenda kanisani, nikafurahi, nikadhani anaanza kutoka msibani. Tulikaa nyuma ya mke wa mwalimu, ambaye huvaa hereni za dhahabu alizonunua Shinyanga mjini. Katikati ya wimbo mama akanyoosha mkono na kuishika hereni ya sikio la kulia kwa vidole viwili, taratibu, bila kuivuta.

Mke wa mwalimu aligeuka nusu. "Shikamoo, mama," akanong'ona.

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu," mama akajibu, na hakuiachia.

Mke wa mwalimu alinitazama ili nimwambie la kufanya. Wimbo uliisha, watu wakakaa, naye akabaki ameinamisha shingo kuelekea nyuma, nami sikuutoa mkono wa mama.