Seansi ya Kwanza Bure

Juzi mtoto wa jirani, anayejiita kocha wa maisha, alikuja kuniomba shauri. Ana simu ya maana na viatu vyeupe, na kichwa kinamuuma kwa jambo moja tu: mteja akija mara ya kwanza, amlipishe au amsikilize bure? Nikamwambia sijui. Akacheka, akadhani namfanyia uchoyo. Kumbe kazi hiyo niliifanya kabla hajazaliwa, hapa hapa mtaani Buyenzi, wakati wa vita, na wala sikujiita kocha. Nilikuwa sekreteri aliyefungiwa ofisi, basi.

Mashirika ya misaada yalikuwa yamejaa mjini. Wazungu walipanga nyumba kule juu Kiriri, mtaa wa mlimani, wakatafuta wapishi, madereva na walinzi. Watu wetu kazi waliijua vizuri, lakini wakiketishwa mbele ya mzungu na kuulizwa maswali, wanaangalia miguu yao kama wameiba. Nikaanza kuwatayarisha kwa mahojiano. Uani kwangu, viti viwili, thermos ya chai: kaa hivi, mtazame usoni, Kifaransa hiki kinakutosha.

Mwanzoni nililipisha tangu siku ya kwanza. Wakaja wenye kazi tayari, wanaotaka kazi bora zaidi. Wasio na kitu walichungulia langoni wakapita. Nikaona aibu, nikasema kikao cha kwanza, seansi kama tulivyoita, kiwe bure. Loo, uwanja ukajaa! Kaka yangu, fundi wa magari, alikuwa akirudi mchana kula anawakuta wamejipanga ukutani na vikombe mkononi. "Dada, we umefungua mkahawa?" ananiuliza mbele yao, mtu asiye na haya. Wakishaondoka ananikalia kooni: wanakunywa chai, wanachukua maarifa, hawarudi. "Ya bure usifundishe kitu! Wasalimie, waonje, basi. Ukiwapa yote siku ya kwanza, ya pili watafuata nini?"

Alikuwa na akili ya biashara yule, na mimi nilimsikiliza. Nikavaa saa ya mkononi. Nusu saa ya bure ni ya kufahamiana, mafunzo ni seansi ya pili, na ya pili inalipwa. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Ndipo akaja mama mmoja wa Ruziba, kusini mwa mji. Nakwambia mapema alichotaka, kwa kuwa mimi nilichelewa kukijua: alitaka chumba. Nyumba za Kiriri zina vyumba vya wafanyakazi huko nyuma, ndani ya ukuta, langoni kuna mlinzi. Mume wake alikuwa amekufa, amebaki na binti wa miaka kumi na mmoja, na kwao Ruziba usiku risasi zilikuwa zikilia karibu na mlango. Kazi ya kupika angeipata hata kwingine mjini. Chumba cha kulala na mtoto wake, hicho ndicho kilichomtoa kwao kwa miguu hadi kwangu.

Hakusema hata neno moja la hayo. Alikuja na kifungu cha ndagala, dagaa wa ziwani, kama zawadi, akaketi, akauliza habari za nyumba, za watoto, za mvua. Akausifu uwanja wangu kwa usafi. Nami nilikuwa naangalia saa. Hivi mimi nilizaliwa wapi, nisijue kwamba kwetu mtu haji na shida yake mkononi? Siku ya kwanza anakuja kukusalimia. Shida ni ya siku ya pili, au ni ya langoni, wakati anaaga. Nikaweka bure pale ambapo mtu hasemi, nikaweka bei pale anapofungua kinywa.

Nusu saa ikaisha, nikamsindikiza. Langoni akasimama, akashika nguo yake kifuani.

"Dada, eti wazungu wanaulizaka nini mutu wa kupika? Juu ya mambo ya kulala pale?"

Kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina mafuta ya gari, ananitazama. Nikatabasamu. Nikasema, "Hayo ni ya seansi ya pili, mama."

"Haya, dada. Nitarudia." Akaondoka bila kinyongo chochote, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Alirudi baada ya miezi miwili hivi. Alikuwa amefunga kitambaa cha msiba. Mara hii hakuuliza habari za mvua. Akaketi, akatoa pesa zilizokunjwa, akaziweka kwenye kiti changu kabla sijakikalia. Nikamwambia aziondoe, tutazungumza tu.

"Chukua, dada. Ya bure nilisha kuipata."

Akanieleza. Kazi aliipata, mahojiano alikwenda peke yake. Mwisho wa maswali yule mama mzungu alimwuliza kama angependa kile chumba cha nyuma. Naye, mtu mwenye adabu zake, akasema hapana, asante, asimsumbue. Akangoja aulizwe tena. Ndivyo tulivyolelewa sote: chakula, kiti, kitanda, ukikubali mara ya kwanza wewe una njaa ya aibu. Mzungu akasema sawa, akaandika kwenye karatasi, akafunga daftari.

"Nilingoja mwezi muzima aniulize tena," akasema. "Kila asubuhi nilikuwa nasema leo ataniuliza."

Kila jioni akashuka kutoka Kiriri hadi Ruziba. Siku moja barabara ya kusini ikafungwa na askari, akazuiliwa mjini hadi asubuhi. Usiku huo watu wenye bunduki waliingia mtaani kwao. Walikuwa wa upande gani sikuuliza, wala yeye hakusema. Binti alikuwa peke yake ndani.

Inna lillahi. Nilishindwa kumtazama. Nilitaka kulia, nikaona kilio si changu, ni chake, na yeye alikuwa amekaa macho makavu, mgongo umenyooka, kama nilivyokuwa nikiwafundisha wengine wakae.

"Sasa nifundishe," akasema. "Alivyoniuliza vile, ilikuwa niseme nini?"

Nikamwambia. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo ya kwanza ya seansi ya pili, kila aliyelipa aliyapata kabla hata chai haijapoa: mzungu hatoi mara mbili. Akikupa mara moja, kubali hapo hapo. Sema ndiyo, kwa Kifaransa chao: oui, madame.

"Oui tu?"

"Oui tu, mama."

Akakaza fundo la kitambaa chake.

"Hiyo oui nilikuwa naijua," akasema.