Kompyuta Chini ya Miguu ya Abiria

Watu wa upande wetu wa Mlima wakikuambia Gaylene Hofstra ni mwanamke mkali, waulize nani alimfanya awe mkali. Mimi nitakujibu hata usipouliza. Ni sisi wa nyumbani kwake: kaka yangu Trevor, ambaye ni mumewe, na mimi Klaas, shemeji yake, ninayekaa kwenye kijumba cha nyuma na kukamua naye kila alfajiri. Nilikuwa na hasira siku ya haya nitakayokusimulia na bado ninayo, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni ya kujikasirikia mwenyewe.

Alikuja shambani kwetu miaka kumi na tisa iliyopita. Alidhani anaolewa na Trevor. Kumbe ameolewa na ng'ombe mia tatu na ishirini, Trevor akiwa nyongeza tu. Mwaka wa pili mashine ya kukamulia iligoma asubuhi, ng'ombe wamejipanga viwele vimevimba, na fundi wa mjini akasema atafika kesho kutwa. Gaylene akafungua sanduku la umeme mwenyewe, akafuata waya mmoja mmoja kwa kidole, na kabla ya saa nne mashine ilikuwa inapumua. Tangu hapo majirani wote wakawa wanapiga simu. Lakini sikiliza walivyokuwa wanasema: "Trevor, mkeo yupo? Pampu yangu imezima." Kama mtu anayeazima toroli! Hakuna aliyemwita fundi. Na Trevor alikuwa anajibu, "Yupo, njoo umchukue."

Kitu kimoja tu kilikuwa chake. Kilikuwa ni Mazda ndogo ya viti viwili, nyekundu iliyopauka, paa la turubai, aliyoikuta nyuma ya banda la jirani la kunyolea kondoo sufu, haina injini na kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Akaivuta kwa trekta mpaka kwenye banda letu la ndama. Kwa majira tisa ya baridi, kila ng'ombe wakishapumzishwa kukamuliwa, aliingia humo na kufunga hiki, kufungua kile. Akaweka injini, akaongeza turbo, kisha akakwama kwenye kompyuta. Ile ya kiwandani, inayoamua injini inywe mafuta kiasi gani na cheche ipigwe lini, haikuwa inajua habari za turbo kabisa. Ikabidi anunue nyingine, kisanduku cheusi unachokifundisha kazi mwenyewe, akakaa nacho mezani wiki tatu akikisoma.

Ilikuwa wiki hizo Trevor alipotoa amri yake. Tulikuwa tunakula viazi na nyama ya kondoo.

"Mwezi wa sita klabu ya magari inafunga barabara ya kilima cha Dekker kwa mashindano," alisema, mdomo umejaa. "Hilo gari lisipopanda kilima mwaka huu, linaondoka. Pale nahitaji kuweka ndama."

"Linaondoka linakwenda wapi?" Gaylene akauliza.

"Popote. Kwa mtu atakayelitaka. Ndama mia wanazaliwa mwezi wa nane, mama, sina pa kuwaweka."

Hakumwangalia hata usoni. Gaylene akasema, "Sawa, litapanda," akaondoa sahani yangu kabla sijamaliza kula.

Siku aliyokifunga kisanduku nilikuwepo. Alikuwepo pia Barry Tuffery, mkaguzi wa klabu yetu ya magari, mzee wa masharubu ambaye kazi yake ni kukagua kila gari kabla halijaruhusiwa kupanda kilima. Barry hupita bandani kwa watu kunywa chai yao na kuwakosoa.

"Kiweke juu, nyuma ya dashibodi," Barry akasema. "Chini hapo pabaya."

"Nyaya za gari zinaishia hapa chini, miguuni kwa abiria," Gaylene akamjibu, kalala chali, kichwa kimepotelea ndani ya gari. "Nikikipandisha juu nitaunga nyaya hamsini na kitu. Kila kiungo ni mahali pa kuozea. Siungi."

"Maji je?"

"Maji yatoke wapi? Turubai ni jipya, na milango nimeibadilishia mipira yote. Labda uje ulie humu ndani, Barry."

Barry akacheka, chai ikamwagikia masharubu. Na kusema kweli kazi ilikuwa safi. Alikata bamba la bati gumu, akalipinda lifuate mteremko wa sakafu, akakiinua kisanduku juu ya vipande vinne vya mpira alivyovikata kutoka kwenye vikombe vya mashine ya kukamulia, ili mtikisiko wa barabara usikifikie. Kile kimpira chembamba kinachopima pumzi ya injini alikipitisha kwa kukiinamisha, unyevu usije ukateremkia kwenye kisanduku. Trevor alishika tochi. Alishika vizuri tu, na aliona kila skrubu inakwenda wapi. Kumbuka hilo.

Jumamosi asubuhi, siku moja kabla ya kilima, gari likawaka. Liliguna mara mbili, likakohoa, kisha likatulia na kunguruma taratibu. Gaylene hakupiga kelele. Alikaa na mikono kwenye usukani, machozi yanateremka, akaniambia, "Shem, ukimwambia mtu nimelia nakukamua." Kisha akaenda mjini kuchukua kofia yake ngumu na mafuta mazuri.

Mimi nikabaki. Na sasa nieleze upumbavu wangu, nao ni upumbavu wa watu wa ng'ombe, hutaukuta kwingine. Kwetu kila kitu huoshwa kwa mpira wa maji. Ukimaliza kukamua unaosha sakafu ya zizi, buti, aproni, pikipiki ya magurudumu manne, ndani ya pikapu na mbwa akipita. Mama alitulea hivyo: kitu kikitoka shambani na mavi, nyumba nzima imeaibika. Mimi nilikuwa nimemsaidia Gaylene asubuhi ile kutoa hewa kwenye klachi, nikawa naingia na kutoka na buti zangu. Zulia alikuwa hajarudisha. Sakafu ilikuwa na mavi mabichi pande zote mbili, na kesho yake gari linakwenda kuonekana na klabu nzima. Nikavuta ule mpira mkubwa wa zizini, nikafungua koki mpaka mwisho, nikaosha. Nilianza upande wa dereva, nikamalizia kwa abiria, na kule kwenye kona nikaelekezea maji vizuri kabisa maana ndiko kulikochafuka. Nilikiona kisanduku. Nilidhani kimezibwa kama vya trekta. Nilipiga hata mluzi.

Gaylene akarudi saa tisa mchana. Akageuza ufunguo. Feni ya mbele ikaanza kuzunguka peke yake, pampu ya mafuta ikatetemeka nyuma, halafu kimya, na harufu ya plastiki inayoungua. Akachomoa nyaya za betri, akapiga magoti upande wa abiria, akafungua bamba. Alipochomoa plagi, maji yakamwagikia mapajani.

Trevor alikuwa ameingia kuchukua chepe.

"Umeniweza, Trevor," Gaylene akasema, bado kapiga magoti. "Umeniweza kweli. Si ungelichoma moto tu tukajua moja?"

"Sijagusa gari lako mimi."

"Nani basi, ng'ombe? Ng'ombe ndiye amefungua koki?"

"Nimesema sijagusa!"

"Miaka tisa! Kitu kimoja, Trevor, kimoja tu, na hicho nacho roho imekuuma!"

Na mimi nilinyamaza. Andika hivyo: Klaas Hofstra, mwenye miaka hamsini na moja, alisimama kando ya gunia la chakula cha ndama akamwacha mwanamke amtukane mumewe kwa kosa lisilo la mumewe. Nilisikia matusi yale, ya kwangu mimi, nikaangalia buti. Mpaka aliporusha spana ikapasua dirisha la banda, ndipo mdomo ukafunguka.

"Ni mimi, shemeji. Nilikuwa naosha."

Akanigeukia. Afadhali angenipiga.

"Klaas. Umeona wapi watu wanamwagia kompyuta maji?"

"Nilidhani imezibwa. Nilitaka likapendeze. Shemeji, naapa..."

Nilikuwa nimeanza kuomba msamaha, na hapo hapo nikakumbuka jambo. Wakati naosha, Trevor alikuwa ameegemea mlango wa banda na kikombe chake cha chai. Aliniuliza kama nimefunga lango la chini. Nikajibu nimefunga. Akaendelea kunywa chai.

"Wewe uliniona," nikamwambia.

"Nilikuona. Kwa hiyo?"

"Ulijua kisanduku kiko wapi. Wewe ndiye ulishika tochi."

"Mimi sikukutuma ushike mpira."

"Ungesema neno moja, Trevor! 'Klaas, acha.' Basi!"

Trevor akachukua chepe lake akatoka. Gaylene alipangusa kisanduku kwa upindo wa sweta yake, pole pole, kila upande, kisha akaingia nacho ndani ya nyumba. Alikikausha kwa hewa ya moto, akakijaribu. Kilikuwa kimekufa.

Jumapili asubuhi akanikuta zizini. "Funga trela," akasema. "Tunapakia gari."

"Shemeji, halitawaka."

"Nimekuomba maoni?"

Nikafunga trela.

Kule kilimani, kwa kawaida yetu, ambaye gari limemharibikia hushika bendera kwenye kona. Gaylene akashika bendera. Siku nzima alisimama mvuani kona ya tatu akiwapungia wengine wapite. Barry alipoteremka kumuuliza gari lina nini, akamjibu, "Limeoshwa," na watu wakacheka mpaka walipoona uso wake.

Trevor alifika alasiri. Klabuni kila nyumba huja na sahani ya chakula. Wengine huoka keki, yeye alileta biskuti za dukani, kazimwaga kwenye sahani. Alidhani amekuja kuvuta trela nyumbani, na kwamba mambo yamekwisha. Gari la mwisho lilipopanda, barabara ilikuwa bado yetu kwa saa moja na zaidi. Gaylene akateremsha Mazda kutoka kwenye trela, akaliachia liteleze mpaka kwenye mstari wa kuanzia. Akakunja turubai. Akavaa kofia, akafunga mkanda.

"Gaylene, halina kompyuta," Barry akasema.

"Breki ziko sawa?"

"Ziko sawa."

"Usukani?"

"Sawa."

"Kitabu chako kina sheria inayokataza kusukumwa?"

Barry akafungua kitabu, akafunika. "Hakina."

"Basi washa saa yako. Trevor, Klaas, nendeni nyuma."

Trevor akacheka, akawatazama watu wacheke naye. Hakuna aliyecheka. "Acha utani, mama. Twende nyumbani."

"Ulisema lipande. Pandisha."

Vijana wawili wa klabu wakasogea kusaidia, Gaylene akawakataza kwa kidole. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Sukuma, Trevor!" Mwingine akadakia, kisha wote. Kaka yangu akawa mwekundu mpaka masikioni, akaweka mikono nyuma ya gari. Mimi nilikuwa nimeshaweka.

Kilima cha Dekker ni kama kilomita moja tu, ukiwa kwenye gari. Ukiwa nyuma ya gari hakina mwisho. Tulisukuma hatua kumi, Gaylene akavuta breki ya mkono, tukapumua, akaiachia, tukasukuma tena. Buti zinateleza. Kona ya kwanza Trevor alikuwa anatukana. Kona ya pili hakuwa na pumzi ya kutukana.

"Ulinyamaza kwa nini?" nikamuuliza.

"Ndama."

"Muongo wewe."

Tukasukuma. Mvua inatuingia shingoni. Nilitaka kumpiga ngumi, lakini ningeachia mkono gari lingeturudia sote.

"Kila nikimtafuta yuko bandani," akasema, kichwa kainamisha kama anaongea na bampa. "Miaka tisa, Klaas. Nikiingia nyumbani, yuko bandani. Nikasema likiondoka hili..."

"Ungemwambia!"

"Sukuma bwana."

Dakika hamsini na tatu na sekunde kumi na mbili. Barry aliziandika kwenye karatasi ya matokeo, chini kabisa, kwa kalamu ya wino, jina la dereva na namba ya gari. Trevor alianguka kwenye majani akatapika biskuti zake. Mimi nilikaa barabarani.

Gaylene akateremka. Akavua kofia, akamwendea mumewe, akasimama juu yake. Nilidhani atamtukana mbele za watu, na ningempigia makofi.

"Gari limepanda," akasema. "Ndama wako watafutie pa kulala."

Trevor akaitikia kwa kichwa.

"Na nimekusikia pale kona ya pili. Turubai liko chini, nasikia kila kitu. Lile banda halina hata kitasa, Trevor. Miaka tisa. Si ungeingia tu?"