Vitenge Vitatu vya Mageni

Wachimbaji wa duara la Masele, shimo la dhahabu la huku kwetu jirani na Bulyanhulu, wanaamini kwamba mwanamke aliye kwenye siku zake akisogelea shimo, dhahabu inakimbia. Mwamba umekaa ardhini tangu Mungu auweke, haukimbii baruti, lakini eti unakimbia damu ya mama lishe! Wanaume wazima, wenye ndevu, wanayasema haya huku wakila wali.

Wali wenyewe aliupika Mageni, mjane kutoka Kishapu, mama yake Elieth. Mimi niliuza uji meza ya pili. Sheria ya Masele, msimamizi wa duara, ilikuwa moja: ukiwa kwenye siku zako, kaa nyumbani. Siku nne tulivumilia. Lakini mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, siku za Mageni ziligoma kuisha. Alitoka damu siku kumi na mbili, akapumzika wiki, ikarudi na mabonge. Angekaa nyumbani, meza yake ingechukuliwa na mwingine na Elieth angeacha shule. Basi akavaa vitenge vitatu vyeusi, kimoja juu ya kingine, akaja kupika kwenye jua la saa sita.

Kituo cha afya hakwenda, maana foleni ya pale ina macho na midomo. Alikwenda kwa Onesmo, muuza dawa, ambaye kwake wanawake wote wa hapa wana ugonjwa mmoja. Tumbo likiuma, UTI sugu. Ukiwashwa, UTI sugu. Hupati mimba, UTI sugu. Hakumuuliza Mageni damu imetoka siku ngapi, wala hakumgusa tumbo. Alimchoma sindano tano, akajiita daktari, na damu ikaendelea.

Mwezi wa nne Mageni alianguka kando ya sufuria. Nilimpakia kwenye bodaboda huku akinikatalia.

"Yaya, sitaki, usinipeleke! Masele atajua."

"Afadhali ajue ukiwa hai," nikamwambia. Nilikuwa na hasira.

Kituoni tulimkuta Daktari Klara, binti mwembamba. Alimwamkia Mageni kwanza, kisha akauliza yale ambayo Onesmo hajui kama huwa yanaulizwa: ilianza lini, unabadilisha vitambaa vingapi kwa siku, unasikia maumivu wapi. Alipima mimba, akapima wingi wa damu, akaminya tumbo, akakagua na mlango wa kizazi.

"Mama, hii siyo UTI," alisema. "Nahisi uvimbe kwenye kizazi. Wanawake wengi wanao, na mara nyingi siyo saratani. Ila damu imekuishia, umechelewa sana."

Picha ya ultrasaundi ilionyesha uvimbe kweli. Mageni aliongezewa damu, na mwezi wa tano akafanyiwa upasuaji, kizazi kikatolewa pamoja na uvimbe wake. Pale duarani tulisema amekwenda Kishapu kuuguza shangazi, nami nikamshikia meza yake.

Alirudi mwezi wa nane, amenawiri. Duara lililozalisha mifuko kwa mifuko ya mawe ya dhahabu wakati wa masika sasa lilitoa vumbi tupu. Masele, badala ya kutazama shimo lake, akatupanga mstari wanawake wote na kutuuliza mbele ya watu nani anakuja mchafu.

"Mama Elieth, na wewe je?"

"Mimi ni safi tangu mwezi wa tano," Mageni akajibu, mwiko mkononi. "Kabla ya hapo nilitoka damu hapa hapa miezi sita, nawapikia, nanyi mnagawana mawe mpaka mnachoka. Tangu nimepona mmepata nini?"

Wale wenye ndevu waliinamia sahani zao. Masele alisema wanawake siku hizi hawana adabu, akaondoka. Sheria yake hakuifuta, maana kichwa kile hakipasuki hata kwa baruti.

Kesho yake mchana alikuja mke wake, mama wa mabinti wanne, ambaye hata salamu zetu huwa anaziitikia kwa shida. Alimwinamia Mageni, akamuuliza kwa sauti ndogo Daktari Klara yupo siku gani. Jua lilikuwa kali, na alikuwa amevaa vitenge vitatu.