Mashati Mawili kwenye Kamba

Jumapili ya Akina Mama nilikaa mezani jikoni tangu saa mbili usiku, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya mapichi ya mwaka jana. Mwanangu Hyrum hupiga saa tatu. Huko Ufilipino inakuwa Jumatatu, saa tano asubuhi. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Mume wangu, Doyle, alikuwa amelala kwenye kiti na viatu vyake vya shambani, maana wiki ile tulikuwa tunapanda viazi.

"Kalale, Janeal," aliniambia bila kufumbua macho. "Mzee wako yuko kwa kinyozi."

Mzee wangu ana miaka kumi na tisa. Ndivyo kanisani kwetu tunavyowaita vijana wetu wakienda misheni, kuhubiri miaka miwili mbali na nyumbani, na Doyle hupenda kuuliza ni mzee gani asiyejua kukaanga yai.

Nilisubiri huku nikisoma tena barua yake ya wiki. Barua zake zote nazijua. Wanaamka saa kumi na mbili na nusu, wanasoma maandiko, wanatoka. Jumanne wanamchotea maji mama mmoja mjane. Jumatano wanafundisha Kiingereza. Alhamisi na Ijumaa wanapita nyumba kwa nyumba, wengine wanawafungia mlango, wengine wanawapa wali na samaki mkavu. Jumamosi wanacheza mpira wa kikapu na vijana wa mtaa waliovaa kandambili, na wanafungwa kila mara. Jumapili ibada. Jumatatu asubuhi ndiyo yao wenyewe: wanafua, wanaenda sokoni, wananyoana nywele, wanapiga simu nyumbani. Na siku zote wako wawili. Hakuna kumwacha mwenzako hata dakika tano. Akienda dukani unaenda. Akibaki unabaki.

Barua ya wiki ile ilisema, "Tumetembea sana, mama. Baraka tupu."

Simu ililia saa nne na nusu.

"Heri ya Siku ya Akina Mama. Samahani, nimechelewa."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Wali, mama. Jamani, hata salamu bado."

Alikuwa amekonda shingo. Lakini mimi nilikuwa naangalia nyuma yake, dirishani, kwenye kamba ya nguo. Nilifua nguo miaka kumi na moja kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa mjini kwetu Idaho, na mtu akifua nguo za wengine muda huo, macho yanahesabu yenyewe. Kwenye joto lile kila mmoja huvaa shati safi kila siku. Mwezi wa tatu nilihesabu mashati meupe kumi na mawili. Mwezi wa nne yalikuwa sita, yote ya Hyrum. Niliona, nikajiambia labda siku hizi mwenzake anafua siku nyingine. Sijui nilikuwa namdanganya nani.

"Hyrum, sogeza simu nione kamba."

"Kamba gani?"

"Ya nguo."

Alicheka. "Mama za wenzangu wanauliza habari za Injili. Wewe unauliza kamba."

"Naona mashati mawili. Wiki ya huko ina siku ngapi?"

Akaisogeza simu upesi pembeni. Hapo ndipo nikakiona kitanda. Juu yake kulikuwa na mtu aliyejifunika blanketi la viraka gubigubi, kichwa na miguu. Saa sita na nusu mchana, mwezi wa tano, Ufilipino, feni inazunguka, na mwanangu mwenyewe jasho linamchuruzika kidevuni.

"Huyo ni mwenzako?"

"Ndiyo. Stoddard. Amechoka tu."

"Amempigia mama yake leo?"

Hyrum aligeuka akatazama kitandani, kisha akasogea mpaka mlangoni, mahali ambapo bado angeweza kumwona. Hata hapo hakumwacha. Akaongea kwa sauti ya chini.

"Hajampigia, mama. Hii ni wiki ya tano. Haamki, haogi. Namlisha kwa kijiko. Anasema bora afie hapa kuliko kurudi kwao kabla miaka miwili haijaisha."

"Na wewe umemwambia nani?"

"Kiongozi wa eneo letu."

"Akasema nini?"

"Tufunge na kuomba, tuongeze kazi."

"Ana miaka mingapi huyo kiongozi?"

"Ishirini."

Nilihisi masikio yananiwaka. Miaka ishirini. "Na huyo mkubwa wa misheni, mwenye watoto wake, anajua?"

"Anajua tunachoandika kwenye ripoti."

"Mnaandika nini?"

"Kwamba tuko vizuri."

Nikamwambia ampigie mkubwa huyo leo hiihii, kabla hajaanua hayo mashati yake mawili. Akasema amemwahidi Stoddard hatampigia. Nikamwambia mimi sikumwahidi mtu. Kabla hajakata nikabonyeza nikachukua picha ya kile kitanda. Sikujua nitaifanyia nini.

Nilikasirika mpaka asubuhi. Niliwakasirikia wote. Vijana wawili wamefungiwa chumbani mwezi mzima, mmoja anaugua, mwingine ni nesi asiyejua kukaanga yai, na sisi huku tunasoma baraka tupu na kusambaziana picha zao.

Jumatatu nilimkuta Askofu Mecham chini ya trekta ya mtu, maana kwetu askofu ni muumini wa kujitolea tu, na siku za kazi yeye ni fundi.

"Dada Poulsen," alisema akiwa hukohuko chini, "kila jambo lina ngazi zake. Nitamtafuta askofu wa kwao huyo kijana."

"Lini?"

"Wiki hii."

"Leo ni Jumatatu."

"Ndiyo, na wiki ndiyo imeanza. Nipe spana hiyo ya kumi na saba."

Nikampa spana. Ningempa na maneno, lakini ningelia.

Jioni Hyrum akaniandikia. Mkubwa wa misheni alikuwa amekuja mwenyewe, tena mbio. Stoddard akaamka, akanawa, akavaa shati, akacheka naye, akasema ilikuwa homa ndogo na imepita. Gari lilipoondoka akarudi chini ya blanketi. "Hataki kuondoka, mama. Anasema mama yake hatamtazama tena. Mama yake akimwambia arudi, atarudi. Kumpigia hawezi." Chini yake akaweka namba ya simu.

Nilipiga palepale. Lorraine Stoddard, mama yake, wa Afton, upande wa Wyoming. Nikamwambia mwanawe haamki kitandani.

"Wade wangu ana kazi nyingi," alinijibu. "Kaka zake watatu walikuwa hivyohivyo. Kazi ikikolea, simu wanasahau. Wako ni wa kwanza kwenda?"

"Ndiyo."

"Utazoea, dada."

Akakata. Hivyo tu, kama anayefunga kabati.

"Achana na nyumba za watu," Doyle aliniambia. "Umeshasema. Kilichobaki ni chao."

"Angekuwa Hyrum chini ya blanketi, ungetaka yule mama akae kwake apande viazi?"

Asubuhi nilikuta ameshajaza mafuta kwenye gari.

Ni mwendo wa saa mbili kupita milimani mpaka Afton, na njia nzima nilibishana na huyo mwanamke peke yangu. Nilimwambia mengi, mengine mabaya. Nilipofika nilimkuta na nyumba safi kuliko yangu, mabuti yamepangwa barazani, theluji ya mwisho kwenye kivuli cha banda la ng'ombe. Kupitia kioo cha mlango niliona ukutani picha nne za vijana waliovaa suti, na juu yao baba yao, na juu ya baba, babu.

Nikagonga. Akaja mpaka upande wa pili wa kioo, akasimama hapo.

"Mimi ni Janeal Poulsen. Tuliongea jana."

"Nilikwambia ni mzima."

"Sijaja kubishana." Nilikuwa nimekuja kubishana.

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Kukuonyesha picha."

"Picha ninazo. Anatuma kila wiki."

"Hii huna."

Nikaweka simu kwenye kioo. Nilidhani ataangalia mara moja na kuondoka. Aliinama akaikaribia mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa kiganja, akaangalia tena.

"Zile ni tai," alisema.

Sikumwelewa. Nikaigeuza simu nikaangalia. Vile viraka nilivyoviona kwa siku mbili vilikuwa tai kweli, tai za wanaume zilizokatwa na kushonwa, za buluu, nyekundu, zenye mistari.

"Za kaka zake. Za misheni zao. Nililishona mwenyewe nikamtilia kwenye begi, asisahau wenzake walivyomaliza." Sauti yake ilipita kwenye kioo kwa shida. "Amejifunika mpaka kichwa?"

"Mpaka kichwa. Saa sita na nusu mchana."

"Huko sasa hivi ni baridi?"

"Si baridi, Lorraine."

Akaondoka kwenye kioo. Nilisikia viatu vyake vinakwenda mpaka ndani kabisa ya nyumba. Nikabaki na simu yangu mkononi, hasira zote nilizozibeba kupita milimani hazina pa kwenda. Ng'ombe mmoja alikuwa ananiangalia. Nilianza kuhesabu mabuti pale barazani, jozi moja moja, nikafika tano.

Viatu vikarudi. Kufuli likazunguka mara mbili, mlango ukafunguka mpaka ukagonga ukuta, naye amesimama pale na miwani usoni na simu yake mwenyewe mkononi.

"Kule ni saa ngapi sasa?" aliniuliza.