Fundi wa Mbulu aliyeipa deki jicho la kompyuta

Saa tatu asubuhi ukungu bado haujaondoka Mbulu mjini, na Patriki Hhando ananusa deki ya kuchezea diski za video.

Amefungua kifuniko chake kwa bisibisi, ameinamisha kichwa kama mtu anayeonja mchuzi, na anavuta pumzi mara mbili. "Tlawi," anasema kabla hajaambiwa. Mama aliyeileta, aliyesimama mbele ya meza akiwa amejifunga shuka mabegani, anaguna kwa mshangao. Kweli ametoka Tlawi.

"Deki za Hanang zinakuja na vumbi," fundi anaeleza bila kuinua macho. "Za huku juu zinakuja na moshi. Hii imekaa jikoni."

Patriki ana miaka 39. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa duka la Mwantumu Safari, ambaye huuza deki hizo hizo anazozitengeneza yeye. Wawili hao wametaniana kwa miaka saba sasa, na hakuna anayejua nani anamlisha mwenzake.

"Mimi nauza kitu kizima," anasema Mwantumu kutoka ndani, nyuma ya ndoo za plastiki. "Kikishafika nyumbani kwao si changu tena, ni cha Patriki."

Patriki alizaliwa Gendabi, wilayani Hanang, nyumba ya wakulima wenye ng'ombe wachache. Kazi ya ufundi aliipata Katesh kwa Mzee Selemani, muuza redio aliyemwonyesha kushika chuma cha kuchomelea risasi. Wakati huo redio ilikuwa mali. Mwenye nayo alimletea fundi ikiwa imefungwa kitambaa, na alirudi kuichukua akiwa amevaa shati safi.

Kisha soko likafunguliwa, bidhaa zikamwagika, na redio ikawa kitu cha kununua mnadani pamoja na sabuni. Ikiharibika, inatupwa. Mwaka 2002 Manyara ikatengwa na Arusha ikawa mkoa peke yake. Watu wa hapa walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Ila lenzi ya deki mpaka leo, mwaka 2009, inafuatwa Arusha, na nauli ni ile ile.

"Nilidhani nitarudi kuchunga," anasema Patriki. "Ndipo deki zikaingia. Zikaniokoa, kwa sababu ni mbovu."

Deki ya bei rahisi, anaeleza, inanunuliwa kwa shilingi elfu arobaini na tano, na jicho lake, ile lenzi inayosoma diski, linaanza kuchoka kabla ya mwaka kuisha. Picha inaganda, sauti inakatika. Siku nzuri Patriki huondoka na shilingi elfu nane. Siku mbaya, na ziko nyingi wakati wa kulima, huondoka na bisibisi zake.

Mama wa Tlawi anaitwa Benedikta Margwe, ana miaka 54, na tatizo lake si picha za harusi za watu.

Ndani ya deki yake kuna diski moja. Ilirekodiwa mwaka 2006, siku ya sherehe ya kipaimara ya binti yake, Zita. Katikati ya sherehe mumewe, Mzee Margwe, alisimama na chupa ya soda mkononi akasema maneno mbele ya wageni. Kwa kumbukumbu ya mama, alimpa Zita shamba la chini, lile la karibu na mto.

Mzee Margwe alifariki mwaka jana. Kaka yake, Akonaay, anasema maneno hayo hayakusemwa. Sherehe yenyewe hakuihudhuria. Wageni nao wamegawanyika: wako waliosikia, na wako waliokuwa nyuma ya nyumba wakishughulika na nyama. Wazee wa ukoo wakaamua jambo rahisi: Jumamosi watakaa kikao, na diski ichezwe wote waone.

Benedikta alifika kibandani Jumatano. Diski haichezi. Inaanza vizuri, watoto wanaimba, Mzee Margwe anainuka, anafungua mdomo, halafu anaganda.

"Amesimama hivyo mwaka mzima," anasema mama. "Mdomo wazi. Hasemi."

Mpiga picha aliyerekodi sherehe hana nakala. Mkanda wake wa kamera aliurekodia harusi, tena siyo moja.

Patriki anafuta lenzi kwa pamba yenye spiriti. Pamba inatoka na rangi ya chai ya rangi. Anachukua nyingine, nayo inatoka hivyo hivyo.

"Mama, hii ulikuwa unaiweka wapi?"

"Darini, juu ya jiko. Pamoja na mbegu."

Hapa msomaji wa mjini anaweza kucheka. Asicheke. Katika nyumba za huku juu, mahindi ya mbegu hukaa darini juu ya moto ili moshi uyapitie na wadudu wasiyaguse. Kitu ambacho familia haiwezi kukipoteza huwekwa pale. Benedikta alichukua sauti ya mumewe, akaiweka na mbegu.

"Mahindi yanapenda moshi, mama," anasema Patriki taratibu. "Lenzi haipendi."

Mama anavuta shuka lake. "Kumbe mimi ndiye niliyemziba mdomo," anasema. "Na nilikuwa namtunza."

Usafi haukutosha. Picha ilisogea kidogo kupita pale ilipokuwa ikiganda, ikakwama tena. Alhamisi Patriki alifunga lenzi mpya, ya mwisho aliyokuwa nayo, na matokeo yakawa yale yale. Diski yenyewe, anaeleza, ni ya kuchomwa, yaani kurekodiwa, kwenye kompyuta, na za namna hiyo zina mng'ao hafifu. Jicho la bei rahisi huzisoma kwa taabu hata zikiwa mpya. Hii imekula moshi pia. Ilihitaji jicho kali zaidi.

Jicho hilo analo. Liko kwenye rafu ya juu, limefungwa kitambaa cha flana.

Ni sehemu ya kusomea diski iliyotolewa kwenye kompyuta ya mezani, chuma kizito chenye ukubwa wa tofali jembamba. Patriki ameinunua Katesh kwa akiba ya msimu mzima. Chini ya meza kuna boksi la kompyuta lisilo na kitu, na ndani ya mfuko wa saruji kuna vipande vingine anavyovikusanya kimoja kimoja. Anataka kuunda kompyuta ya kunakili diski za watu: harusi, misiba, kipaimara. Katika vyote alivyokusanya, ni hicho tu alichokijaribu na kukiona kizima.

Deki ya mama Benedikta, kwa bahati, ni ya toleo ambalo ndani yake kuna plagi pana ya waya bapa, sawa na ya kompyuta. Patriki alijua hilo tangu Jumatano. Hakusema.

Alhamisi mchana aliishusha ile flana, akaifungua, akaitazama, akaifunga, akairudisha juu. Akaenda kunywa chai. Mwantumu alimwona kila hatua na kwa mara ya kwanza hakumtania. Aliporudi alikuwa na msumeno wa chuma mkononi.

"Ningekuwa nimeshafunga kibanda mapema nisingeiona sura ya yule mama," anasema sasa, akicheka kidogo. "Ila niliiona."

Kazi ilimchukua mpaka Ijumaa adhuhuri. Chuma cha kompyuta ni kinene kuliko nafasi iliyokuwepo, kwa hiyo alikata ubavu wa deki. Alichomelea waya mbili za umeme, akapima, akazichomoa, akazichomelea upya. Kifuniko hakikufunga tena; alikibana kwa mipira ya tyubu ya baiskeli. Kwa macho, ni deki iliyovunjika mbavu. Lakini diski ilipoingia ilizunguka kwa mlio mwembamba, tulivu, ambao deki za Mwantumu hazina.

Watoto wakaimba. Mzee Margwe akainuka. Akafungua mdomo, na mkono wenye chupa ya soda ukashuka.

"Ndugu zangu," alisema, "nyamazeni kidogo."

"Zima!" Benedikta, aliyekuwa amerudi kuingoja deki yake, alipiga kelele.

Patriki alizima. Wapita njia waliokuwa wamesimama barazani walitazamana. Ilikuwa dhahiri kwamba mama huyu alikuwa akiogopa.

"Nimeyasema maneno yale kwa watu mara nyingi mno," alisema. "Siku hizi sijui kama ni yake au ni yangu. Acha ayaseme mbele yao. Kama hakusema, tutajua wote pamoja."

Fundi alikuwa amejaribu sekunde chache tu. Hakujua kama jicho lake litavuka palipobaki. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu hakuiamini barabara ya Tlawi wala mipira yake ya tyubu, aliamua kuipeleka deki mwenyewe.

Jumamosi aliipakata mapajani njia nzima kama mtoto mwenye homa. Alibeba pia betri ya gari na kifaa cha kugeuza umeme wake. Televisheni ilitoka kwa jirani. Ndani ya nyumba ya Benedikta, darini juu ya jiko, mahindi ya mbegu yalikuwa yamening'inia meusi kwa masizi, na kati yake palibaki alama ya mraba, safi, mahali deki ilipokuwa ikikaa.

Watu wapatao ishirini waliketi. Akonaay, mzee wa miaka 66, alikaa kwenye kiti karibu na mlango, fimbo kati ya magoti. Patriki alimwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hicho ndicho kitakachosema?"

"Ndicho, mzee. Kikijaliwa."

"Ndugu yangu hakuwa mtu wa kunificha jambo," alisema Akonaay, akiwaambia wote. "Angetoa shamba, angeniambia. Hilo tu ndilo neno langu."

Zita, ambaye sasa ana miaka 18, alisimama nyuma ya mama yake na hakukaa muda wote.

Patriki aliwasha. Watoto wakaimba. Mzee Margwe akainuka, akaomba ukimya, na safari hii hakuna aliyemzima.

"Lile shamba la chini, la karibu na mto," alisema kutoka kwenye kioo, "mawe yake ameyatoa huyu binti kwa mikono yake. Nimempa. Sijamwazima, nimempa. Kaka yangu Akonaay hayupo leo, ameshuka mnadani Katesh. Akirudi nitamwambia mwenyewe." Akacheka, akapangusa mdomo. "Atafoka. Mnamjua. Halafu atakwenda kumwonyesha mtoto pa kuanzia kulima, maana hata mimi jembe alinishikisha yeye. Basi, kuleni."

Picha ikaenda kwenye sahani za pilau. Kwa nini hakumwambia kaka yake katika miaka aliyoishi baada ya hapo, diski haikusema. Patriki alikuwa ameshika mipira ya tyubu kwa vidole viwili na alisahau kuiachia.

Mwenyekiti wa kikao, Nicodemo, mwalimu mstaafu, alisema ukoo umesikia na shamba ni la Zita. Benedikta aliinamisha uso kwenye shuka. Maneno yalikuwa ya mumewe, neno kwa neno, isipokuwa yale ya mwisho. Hayo alikuwa ameyasahau kabisa.

Kwa utaratibu wa vikao, jambo lilikuwa limekwisha. Lakini Akonaay hakuinuka.

"Fundi," alisema. "Hilo la jembe. Lirudishe."

Patriki akarudisha. Mzee Margwe akacheka tena, akapangusa mdomo, akasema tena atafoka, mnamjua. Akonaay aliomba mara ya pili, na ya tatu. Mara ya nne hakuomba kwa mdomo, alinyoosha fimbo tu kuelekea kwenye kioo. Hakuna aliyemharakisha. Alipotoka nje alimwita Zita wakashuka wote wawili kuelekea mtoni, yeye mbele, akimwonyesha kitu kwa fimbo.

Deki haikurudi darini. Benedikta ameifunga kanga na kuiweka ndani ya sanduku la nguo, chumba ambacho hakiingii moshi. Malipo ya fundi yalikuwa kilo nne za maharage, na Patriki anasema ni mazuri, hayana mawe.

Jumatatu asubuhi, saa tatu, ukungu ukiwa pale pale, mzee mwenye fimbo alisimama mbele ya kibanda cha Mbulu mjini. Alikuwa amevaa shati safi.

"Nataka na mimi niwe nayo," alisema Akonaay. "CD ya ndugu yangu. Ya kwangu mwenyewe."

Patriki alimkaribisha kwenye benchi. Alimweleza kwamba kunakili kunahitaji kompyuta, na kompyuta yake ilikuwa bado vipande, na sasa imepungukiwa na jicho.

"Jicho lenyewe liko wapi?"

"Liko kwa shemeji yako, mzee. Tlawi."

Akonaay alifikiri. "Basi lisitolewe," alisema. "Nitangoja."

Patriki anahesabu kwamba itamchukua mavuno mawili kupata jicho jingine na vile vilivyobaki. Anataka kuanza na watu wa Tlawi na Maretadu, kabla moshi haujawamalizia diski zao. Mwantumu ameahidi kumpa ukuta wa pili wa duka, kwa sharti kwamba kompyuta isikae karibu na jiko lake la mkaa.

Kwenye rafu ya juu, pale palipokuwa na ile flana, amebandika karatasi ya daftari. Ni orodha ya nakala atakazozitengeneza, na mpaka sasa ina mstari mmoja: "Mzee Akonaay, Tlawi. Aanze yeye."