Sajenti wa Vikopo na Mpiga Tuba

Katika kambi nzima hapakuwa na mtu aliyekimbiwa kwa heshima kama mwanamke huyu. Wanajeshi walimpenda, walicheka naye bwaloni, walimsimulia habari za wachumba na za wakwe. Lakini wakimwona anavuka uwanja wa gwaride amebeba lile boksi lake jeupe la plastiki, kila mmoja ghafla alikumbuka ana kazi ya haraka upande wa pili. Ndani ya boksi mlikuwa na vikopo. Ndiyo maana walimbandika jina la Sajenti Vikopo, na mwenyewe akalipokea bila kinyongo. Alisema ameshaitwa mabaya zaidi, tena na watu wenye vyeo vikubwa zaidi.

Alikuwa muuguzi wa zahanati ya kambi. Jeshi lilipoweka utaratibu wa kupima mikojo ili kuwanasa wanaotumia dawa za kulevya, kazi ile aliangushiwa yeye. Siku ya kupima haikutangazwa. Waliijua mkuu wa kikosi, daktari wa kambi na yeye, basi. Watu walishtukia tu asubuhi filimbi inalia, kombania imeitwa, mstari umepangwa mbele ya zahanati. Hapo ndipo ungeona vituko. Wanaume wenye vifua kama milango, waliolala porini na nyoka, walishika kikopo wakaingiwa na haya, na mkojo ukagoma kabisa. Koplo wa kiume alisimama ndani na wanaume wenzake. Sajenti alikaa nje mezani kupokea, na kila aliposikia kimya kimezidi alifungua bomba la maji lichuruzike.

"Jamani, hatupigi picha ya harusi humo!" alipaza sauti. "Mwageni mje!"

Kuna mmoja aliwahi kuleta chai ya rangi. Sajenti alishika kikopo, akakiweka chini, akamtazama mwenye mali.

"Mwanangu, huu umeutoa kwenye friji?"

Mstari mzima ulivunjika mbavu. Maskini yule alirudishwa ndani na kikopo kipya, na cha ajabu, alichokitoa safari hii kilikuwa safi, hakina hata chembe ya kitu. Alikuwa na woga tu.

Sheria yenyewe ilikuwa na sehemu mbili. Aliyenaswa, unga wake ulimwagika hapohapo: anavuliwa magwanda anakwenda kwao. Aliyekwenda mwenyewe kwa daktari au kwa mkuu kabla hajaitwa kupimwa, alitibiwa na kubaki kazini. Sehemu ya kwanza kila mtu aliijua kwa moyo. Ya pili hakuna aliyeiamini. "Mtego huo," walisema. "Ni sawa na panya kumbishia hodi paka." Sajenti aliwaeleza mpaka sauti ikamkauka, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kujipeleka.

Nyumbani alikuwa na mume, na mume alikuwa mpiga tuba wa bendi ya kikosi. Tuba ni lile tarumbeta kubwa kuliko yote, linalomzunguka mpigaji kama chatu na kutoa sauti ya chini kabisa. Alikuwa bonge la mtu, mpole, mwenye mashavu yaliyoumbwa kwa kazi hiyo, na walipooana wapiga ngoma walitania kwamba sajenti ameolewa na pipa lenye moyo.

Siku moja bendi ilikuwa inashusha vyombo kwenye lori. Mpiga tuba alirudi kinyumenyume, mguu ukakosa ukingo, akaanguka na chombo juu yake. Chombo hakikupata hata mkwaruzo. Mgongo wake ndio ulioumia. Hospitalini walimpa vidonge vikali vya maumivu, na kwa kweli vilimsaidia. Maumivu yakaisha. Vidonge havikuisha. Vile vya hospitali vilipokatwa, alianza kununua vya kichochoroni, kwa mtu anayeuza bila kuuliza cheti.

Sajenti hakuona kitu, naye ndiye aliyeshinda kutwa akitafuta kitu hichohicho kwa watu wengine. Aliyeona ni mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao.

"Mwanangu," bibi alimwambia wakichambua mboga jikoni, "mumeo siku hizi akiingia chooni ni kama amehamia. Tumbo limefunga lile. Na chakula anakichezea tu, yule aliyekuwa anafuta sufuria! Umempa nini?"

"Sijampa kitu, mama."

"Basi kuna mwingine anampa."

Bibi alimaanisha mwanamke. Lakini kisu kilisimama mkononi mwa sajenti. Choo kigumu, chakula hakipandi, usingizi wa mchana, jasho bila joto: mambo hayo aliwasomea wanajeshi kila mwezi bila kutazama karatasi. Aliosha mikono, akaenda sebuleni alikokuwa amekaa mumewe, akamshika kidevu akamgeuzia dirishani kwenye mwanga. Mboni za macho zilikuwa zimesinyaa kama tundu la sindano.

"Mbona unanitazama kama askari wa mpakani?" mume alitania.

Sajenti hakucheka. Alitoka akaenda uani kuanika nguo, maana alitaka mikono yake iwe na la kufanya. Mume akamfuata. Akachukua upande mmoja wa shuka, yeye akashika mwingine, wakalikamua pamoja kama walivyozoea.

"Vidonge," alisema sajenti.

Mpiga tuba aliendelea kukamua shuka ambalo maji yake yalikuwa yameshaisha.

"Nilitaka niache kabla hujajua," alisema mwishowe. "Kila Jumatatu nilikuwa naacha. Ikifika jioni mwili unauma mpaka kwenye kucha, naiambia nafsi yangu, hiki cha leo tu."

"Nenda kwa daktari."

"Waninyang'anye kazi?"

"Sheria inasema ukijipeleka..."

"Sheria! Nani amewahi kujipeleka akabaki? Nitajie mmoja." Alishusha sauti, ingawa uani hapakuwa na mtu ila kuku wa jirani. "Mama watoto, wewe niambie kitu kimoja tu. Bendi tunapimwa lini? Nikijua siku, najikaza kabla yake, natoka safi, halafu naacha kabisa. Naapa."

Sasa hapo pagumu. Sajenti aliijua siku. Ilikuwa wiki hiyohiyo, na kombania iliyokuwa imepangwa ilikuwa ni bendi. Neno moja tu lilitosha. Ulimi ulimwasha. Alimtazama huyu mwanamume aliyemwimbia mwanawe wa kwanza kwa tuba mpaka mtoto akalala na majirani wakaamka.

"Hata angekuwa mama yangu mzazi, nisingemwambia," alisema. "Wale wote ninaowapanga mstari nao wana wake. Lakini sikiliza. Siwezi kukupima mume wangu huku najua ninachokijua. Kesho asubuhi nakwenda kwa mkuu kuomba nitolewe kwenye kazi hii. Ataniuliza kwa nini, na unajua mimi kudanganya sijui."

"Utanitaja?"

"Natamani uwe umeshajitaja."

Akatundika shuka, akabana vibanio, akaingia ndani. Mume alibaki uani na beseni tupu. Hawakugombana wala hawakusemezana tena siku ile, na bibi, aliyekuwa amesikia nusu ya mambo akayaelewa vibaya yote, alimwambia mwanawe waziwazi kwamba mwanamke huyo mwingine amwache.

Asubuhi sajenti aliamka akakuta upande wa pili wa kitanda mtupu. Alivaa kombati vifungo vikipishana, akaenda nusu mbio mpaka ofisi ya mkuu wa kikosi. Alipokata kona ya korido alisimama kama aliyegonga ukuta.

Kwenye benchi nje ya mlango wa mkuu alikaa mumewe. Alivaa sare rasmi ya bendi, ya vifungo vya shaba, ambayo huvaliwa kwa wageni wa heshima. Na mapajani alikuwa amelipakata tuba lake, amelisugua linang'aa kama jua.

"Hilo la nini?" sajenti alinong'ona.

"Nalirudisha mwenyewe. Sitaki mtu mwingine aje kulichukua nyumbani."

Kabla hajamjibu, mlango ulifunguliwa. Mkuu wa kikosi, kanali mfupi mkavu ambaye hakuna aliyewahi kuona meno yake, alitazama sajenti, akatazama tuba, akatazama kofia ya mpigaji iliyokuwa ikitokeza nyuma yake.

"Gwaride liko wapi ambalo mimi sina habari nalo?"

"Afande," mpiga tuba alisimama, tuba likagonga benchi kwa kishindo, "nimekuja kusema. Natumia vidonge. Tangu nilipoumia mgongo. Nimeshindwa kuacha peke yangu."

Alikuwa ameandaa maneno mengi mazuri usiku kucha, lakini yote yalimtoroka yakabaki hayo. Kanali akamgeukia sajenti.

"Wewe umemwambia siku ya kupimwa?"

"Hapana, afande. Nilikuja kuomba unitoe kwenye kazi ya vikopo."

"Hakuniambia, afande," mume alidakia kwa uchungu wa kweli. "Nilimwomba. Alinikatalia kama hanijui!"

Hapo ndipo meno ya kanali yalipoonekana kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo," alisema, "mpiga tuba amekuja kutubu." Karani aliyekuwa ndani alikohoa kuficha kicheko. "Sasa hilo dude umelibeba la nini?"

"Kulirudisha, afande."

"Nani kasema tunalitaka? Nani mwingine hapa ana mapafu ya kulijaza?" Uso wake ukarudi kuwa mkavu. "Sikiliza vizuri. Sikufanyii hisani, ni sheria. Silaha hushiki, gari la jeshi huendeshi, unakwenda kulazwa leo hii. Ukitoka unapimwa kila wiki kwa mwaka mzima. Na daktari utamweleza unanunua wapi. Ukirudia, tuba nitakuja kulichukua mimi."

"Ndiyo, afande."

"Na asikupime mkeo. Sajenti, mfundishe mtu mwingine."

Hospitalini haikuwa mteremko. Siku za mwanzo aliumwa mpaka akalia kama mtoto, akatapika, akatukana daktari, halafu akamwomba radhi. Sajenti alikuja kila jioni akakaa pembeni ya kitanda akimsimulia umbea wa kambi, akiutia chumvi kila ulipopooza. Bibi naye alikuja, akaelezwa ukweli, akashika kichwa: "Vidonge tu? Nami nimemaliza mtaa mzima kumtafuta huyo mwanamke!" Mgonjwa alicheka mpaka mgongo ukauma, na alipoona kwamba maumivu yale hayakumkumbusha kidonge, akamwita muuguzi wa wodi amwambie.

Bendi ilipimwa siku iliyopangwa, mpiga tuba hayupo. Lakini habari za kambi hazizuiliki. Mpiga tuba alijitaja na hakufukuzwa! Watu walisubiri waone kama kuna hila. Aliporudi kazini, amepungua mashavu, akapuliza noti ya kwanza ikatoka kama lori linalokataa kuwaka, bendi nzima ilimpigia makofi. Kabla mwezi haujaisha, watu wawili walikuwa wameingia kwa daktari kwa miguu yao wenyewe.

Kanali akaona hapo pana kitu. Akawapa mume na mke kazi ya kuzungumza na makuruta. Sajenti alieleza dalili na sheria, mume alieleza habari zake, na alizieleza kwa kirefu hasa, akionyesha alivyoanguka, mpaka mkewe alilazimika kumvuta sare kwa nyuma.

Siku moja, baada ya makuruta kutoka ukumbini wakicheka, alibaki mkufunzi wao wa gwaride. Huyu alikuwa na sauti ya kusikika mpaka barabara kuu, na makuruta walimwogopa kuliko simba. Alijifanya anapanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Sajenti," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba ilibidi wasogee, "huyo daktari, mtu anaweza kumwona saa ya chakula? Watu wakiwa bwaloni?"

Sajenti alifungua mdomo aanze kueleza utaratibu. Mume akamgusa bega.

"Bwaloni wameshaingia," alimwambia mkufunzi, akimpokea kofia. "Twende tu, tutapita nyuma ya jiko."